Chupa ya Haradali

Katika mji mzima wa Pecan Fork hapakuwa na mwanamke aliyeujua mpira wa Kimarekani kama Verlene Mabry; hilo naliapia mbele ya mchungaji. Ila mchungaji mwenyewe msimwulize, maana alikaa naye uwanjani msimu mzima wa kwanza akamsikia akimshangilia mwamuzi. Verlene alidhani yule mwenye shati la mistari ndiye hodari kuliko wote, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwangusha.

Baadaye akajifunza, kwa sababu mjukuu wake Javarius, aliyemlea tangu ana miaka minne, alitokea kuwa mkimbizaji. Kazi yake ilikuwa kuukumbatia mpira kifuani na kupenya katikati ya majitu yanayotaka kumlaza chini. Vyuo vikabisha hodi vikimtaka achezee timu zao, hata vikabaki viwili: kimoja Ohio kwenye theluji, siku nzima kwa gari, na Harlan, hapo ng'ambo ya mto.

Verlene alimwambia kijana kwamba yeye hana upande. Usemi wake huo. Moyoni alijua kwamba akienda Ohio atamwona Krismasi na kwenye mazishi tu. Ila hakutaka pia aende Harlan kukalia benchi miaka mitatu huku wenzake wakikimbia.

Kocha wa Ohio alitangulia kuja kula nyumbani kwao. Akaahidi kwamba Javarius ataanza mechi ya kwanza kabisa, kisha akaacha mboga zote kwenye sahani.

Wiki iliyofuata akaja Lonnie Pruitt, kocha wa wakimbizaji wa Harlan, mtu mfupi mwenye shingo kama kisiki. Huyu alikula kuku, akala mboga, akafuta sahani kwa mkate wa mahindi. Verlene akamngoja ameze, ndipo akamwuliza mbele ya mjukuu wake ana wakimbizaji wangapi.

Pruitt akavuta vyombo vya mezani. Chumvi ndiye mkimbizaji wa kwanza, na anahitimu kabla ya msimu ujao. Pilipili goti limemharibikia. Sosi ya nyanya amehamia chuo kingine. Amebaki kikombe cha sukari, kijana mzuri, ila peke yake hawezi kubeba msimu.

"Kwa hiyo nyuma ya sukari ni Javarius," akasema Pruitt.

Verlene akainuka taratibu, akafungua jokofu, akarudi na chupa ya haradali. Akaiweka palepale, kando ya sukari.

"Na huyu mkimbizaji wa Georgia?" akauliza. "Earnestine anayenisuka ana dada yake kule. Anasema mmemchukua Jumatatu."

Pruitt akaitazama haradali kama mtu aliyeona nyoka kwenye kiatu. Shingo ikawa nyekundu. Javarius akainamia sahani, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Bi Verlene," kocha akasema mwishowe, "ni kweli. Mwanzoni atakuwa wa tatu. Lakini haradali hapendi mazoezi ya alfajiri. Kijana wako akija na bidii, kufika Oktoba atampita. Hilo naliamini, ila siwezi kuliahidi."

Verlene akamkatia kipande cha pili cha pai ya viazi vitamu. Wa Ohio hakupata hata cha kwanza.

Siku ya kutia saini, mwezi Februari, kijana alipotakiwa kutangaza chuo atakachokichezea, ukumbi wa shule ulijaa hadi mlangoni. Mezani palikuwa na kofia mbili, nyekundu ya Ohio na zambarau ya Harlan. Verlene alikaa mstari wa mbele na koti lake la baridi, amelifunga vifungo hadi kidevuni, akijipepea kwa karatasi.

Javarius akashika kipaza sauti. Akasema anakwenda kwa kocha aliyekubali kwamba kuna haradali, na watu wakatazamana bila kuelewa. Akavaa zambarau. Ukumbi ukalipuka, tarumbeta zikalia, na Earnestine akakanyaga kofia ya mchungaji.

Kijana akashuka, akamkumbatia bibi yake.

"Umefurahi, Bibi?"

"Hata ungekwenda Ohio ningefurahi vivyo hivyo. Nilikwambia, mimi sina upande."

"Vua koti basi. Jasho linakutiririka."

"Nasikia baridi."

Earnestine, ambaye vidole vyake havijawahi kushindwa na fundo, akafika kwenye vifungo kabla hajazuiwa. Koti likafunguka. Ndani palikuwa na fulana ya zambarau, MABRY kifuani kwa herufi nyeupe, na rangi imeshapauka kwa kufuliwa.

"Bibi," akasema Javarius, "hii umeinunua lini?"

"Jana," akajibu Verlene.

"Agosti," akasema Earnestine. "Nilikwenda naye dukani."