Kiti cha Mke wa Lamu

Unga ulikuwa ukishuka. Adhuhuri ya Mlandege, jua utosini, vivuli vimejificha chini ya miguu ya wenyewe, na katika hoteli ya Mchina mwanga uliingia kwa dirisha moja tu la juu. Ndani ya mwanga ule unga ulishuka polepole, ukishuka bila sauti, juu ya meza, juu ya kofia za walaji, juu ya kope za Mchina mwenyewe. Ulikuwa unga wa tambi. Alizikanda alfajiri, akazivuta kwa mikono, akazianika ghorofani kwenye kamba, na kutwa nzima unga ukapenya nyufa za dari ukawashukia watu wanakula.

Jina lake Lam. Lakini hapa Unguja nani ataliacha jina limefumba mdomo namna hiyo? Watu walilitia irabu, akawa Lamu, na mgeni akisikia mtu anasema nakwenda kula Lamu, hudhani anasafiri. Mwenyewe aliitika tu. Kuku wake alikuwa akichinjiwa na Abdulla, muuza mkaa wa mlango wa pili, ili kila mtu ale na roho yake imetulia.

Na tambi zake zilikuwa za chumvi. Za chumvi, nakwambia! Sisi tambi twazijua za nazi, sukari na iliki. Zake zilielea katika mchuzi wa kuku na tangawizi, na nusu ya ndimu pembeni. Mwezi wa kwanza watu walicheka. Mwezi wa pili waligombea viti.

Viti vyote, isipokuwa kimoja. Kile cha chini ya dirisha hakikaliwi. Kila adhuhuri Lamu alikifuta unga kwa kitambaa, akaweka mbele yake bakuli la buluu linalotoa mvuke, akasema neno moja la kwao, kwa sauti ya mtu anayemwamsha mgonjwa. Kiti cha mkewe. Alimwacha bandarini kwao, bibi harusi wa miezi mitatu, na barua zilikatika mwaka wa arobaini na tisa. Yu hai au kafa, Lamu hakujua. Alichojua ni kwamba bakuli lile halijapungua hata kijiko kimoja, na kila jioni alilimwaga.

Basi mwaka wa hamsini na nne, siku moja baada ya swala, akaingia Muhiddin, fundi wa kofia. Hoteli imejaa, hapakubaki mahali ila pale mkabala na kiti kile. Akakaa. Akaletewa bakuli lake, akashika kijiko, na kabla hajatia kitu mdomoni neno likamtoka lenyewe, kama linavyomtoka kila aliyelelewa, maana huwezi kula mbele ya mtu ukanyamaza.

"Karibu," akakiambia kiti kitupu.

Jikoni Lamu akaangusha upawa.

Muhiddin alijicheka moyoni, akala. Alipoinua macho, bakuli la buluu lilikuwa limefika nusu. Pembeni yake ile ndimu ilikuwa imekamuliwa, na ganda lake limepinduliwa, ndani nje. Malaika ya mikono yakamsimama. Duniani alimjua mtu mmoja tu aliyekuwa akipindua ganda la ndimu hivyo, na mtu huyo alikuwa kaburini Paje, mwezi wa nne sasa. Shemsa, mkewe.

Hebu niseme lililomkaa kooni. Shemsa utotoni aliokota majongoo ya pwani kuwauzia Wachina, na tangu hapo alitamani kujua watu wale wanakula nini. Alipoolewa mjini hakuacha. Nipeleke kwa Lamu, nikaone hizo tambi za chumvi. Mwanamke na buibui lake hotelini! Muhiddin alikataa, akakataa, hata siku moja moyo ukamlainika, akamchukulia bakuli hadi nyumbani, limefunikwa kawa. Akamkuta ameunguza kwa pasi kofia ya mteja. Neno likazaa neno. Muhiddin akakaa mkekani, akampa mgongo, akazila tambi zile zote hadi tone la mwisho la mchuzi, na hakusema karibu.

Shemsa alikuwa amesimama mlangoni. Alingoja neno lile moja tu. Halikuja, akajitanda buibui, akapanda gari la shamba, akarudi kwao. Mumewe akasema mwache, hasira zitamshuka. Homa haikumngoja Shemsa zimshuke. Muhiddin alipofika Paje udongo ulikuwa bado mbichi, na radhi hakuiomba.

Basi siku ya pili akarudi kwa Lamu, na ya tatu, na ya kumi. Karibu. Na kila siku ganda la ndimu lilipinduliwa. Unga ulishuka juu ya kila kitu, ila juu ya kiti kile haukutua tena. Muhiddin aliinama akakizungumzisha chini chini: paa linavuja upande wa jikoni, yule mteja wa kofia kasamehe, paka kazaa. Alitaka kusikia jambo moja, kwamba amemwia radhi. Kiti kilikula, hakikujibu.

Walaji wakaanza kuhama meza ya karibu, kisha ya pili yake. Abdulla alimshika mkono mlangoni akamwambia waziwazi kwamba maiti hawali tambi, na kwamba kinachokuja kikiitwa jua la utosini huenda si Shemsa hata kidogo, huenda ni kitu kingine kilichojifunza mambo ya Shemsa. Akae nyumbani amsomee mkewe Kurani. Muhiddin akasema naam, naam. Kesho yake alikuwepo.

Lakini maneno yale yalimwingia. Shemsa alikuwa mtu wa asumini, na kutoka kiti kile ilivuma harufu ya udongo mbichi. Halafu yeye mwenyewe, kadiri alivyokula, hakushiba. Kanzu ilianza kumpwaya mabegani. Alikuwa akiogopa, na alikuwa akirudi.

Na Lamu je? Alipika kama kawaida. Lakini ikifika adhuhuri alisimama na kitambaa mkononi, hana cha kufuta. Siku ya ishirini akavuta kigoda, akakaa ubavuni pa Muhiddin. Hajawahi kukaa na mteja.

"Mimi miaka mingi naita," alisema, "hapana mtu. Wewe sema karibu mara moja, mtu amekuja. Mke wangu hajui Kiswahili, Muhiddin. Leo yeye akifika, akute kiti kina mtu, atakwenda wapi?"

Muhiddin aliona haya hata shingo ikamwuma. Siku ishirini amemkalisha mgeni wake katika kiti cha mke wa mtu, na haikumpitia hata mara moja. Alijifikiria yeye tu, kama siku ile mkekani.

Kesho yake akaja amevaa kanzu ya Ijumaa, na haikuwa Ijumaa. Akakaa mahali pake. Hakushika kijiko.

"Karibu, Shemsa," alisema, na safari hii hakunong'ona, hoteli nzima ilisikia. "Siku ile nlikupa mgongo nikala peke yangu. Nlikosa mimi. Niwie radhi, kisha ukapumzike. Kiti hiki kina mwenyewe."

Ule mvuke wa bakuli la buluu ukapinda upande mmoja, ukasimama. Kisha karibu mno na sikio lake, kwa sauti aliyoijua, ya upole, ya Paje, akasikia:

"Ahsante. Nshakula."

Basi. Harufu ya udongo ikakatika.

Nshakula! Neno hili tunalisema mara ngapi kwa siku, tumbo limejaa au linalia? Twamwambia jirani, twamwambia mpita njia, twamwambia mtu ambaye hatujui nyumba yake. Mke hamwambii mumewe. Ilikuwa radhi ile, au ndiyo kaagwa kama mtu baki? Muhiddin aliligeuza neno lile upande huu na upande huu, akashindwa, akalia mbele za watu bila kujificha. Bakuli la buluu lilikuwa limejaa, ndimu haijaguswa. Na juu ya kiti, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kwanza, unga ulianza kutua.

Lamu akaja na kitambaa chake. Akafuta mgongo wa kiti, akafuta miguu yake, akafuta kwa muda mrefu. Akamwaga mchuzi ule, akaleta mwingine wa moto. Akasema lile neno lake moja.

Mbele ya Muhiddin tambi zilikuwa zinapoa. Akachukua kijiko, na hapo hapo neno likampanda ulimini, kama linavyotupanda sote. Akaliuma kwa meno. Akala huku amekitazama kiti, uso kwa uso, akala hadi tone la mwisho la mchuzi, na hakumkaribisha mtu.

Unga ulikuwa ukishuka. Ulishuka polepole ndani ya mwanga, bila sauti, juu ya meza, juu ya kofia, juu ya kope za Lamu aliyesimama hapumui. Ulipofika kwenye kiti cha mkewe, haukutua.