Kimono Aliyoishona Kinu

Uzi wa mwisho uligoma. Chizuru aliuvuta kidogo, haukuja. Akauvuta tena, safari hii kwa pupa, maana saa nne ilikaribia na maandamano ya sikukuu hayamngoji mtu. Uzi ukaja. Pamoja nao ikaja sauti ndogo, kavu, kama mtu anayechana karatasi chumba cha pili.

Akabaki ameushika hewani.

Kimono ilikuwa imetandazwa mbele yake mkekani: hariri ya zambarau yenye mishale myeupe, ile hariri ambayo zamani kila nyumba ya mji wa Isesaki ilikuwa na mtambo wake wa kuifuma. Aliyeifuma ni Kinu, dada wa mama mkwe wake. Aliifuma, akaishona, akaipiga bandi, mshono wa muda, kwa uzi mweupe mikononi na kwenye pindo ili isipoteze umbo, halafu kifua kikuu kikamchukua akiwa na miaka kumi na tisa, hajaivaa hata siku moja. Mama mkwe, Bi Fumie, mama yake Yasuhiro mumewe, akaitunza ndani ya karatasi yake miaka sitini na kitu. Binti yake wa kumzaa aliiomba aolewe nayo, akanyimwa. Wiki iliyopita Bi Fumie alikuja akamwekea Chizuru mapajani. "Utaivaa wewe kwenye sikukuu," alisema, kisha akaenda zake kuosha mchele.

Sasa, bandi lazima itolewe kabla ya kuvaa. Ukitoka nayo utachekwa njia nzima. Lakini kwenye nguo kuukuu uzi haung'olewi. Unakatwakatwa kwa mkasi, kisha kila kipande kinatolewa taratibu kama mtu anayetoa mwiba. Chizuru alilijua hilo tangu utotoni. Haraka ndiyo iliyomponza.

Akaugeuza mkono wa kushoto wa kimono. Nyuma, pale mkono unapoungana na mgongo, hariri ilikuwa imeachana. Ufa wa urefu wa kidole.

Mlango wa karatasi ukasukumwa. Aliingia Bibi Tokue, jirani anayewavisha wanawake wa mtaa ule kila sikukuu, mishipi mitatu begani.

"Mbona umekaa kama mwizi aliyefumaniwa?"

Chizuru akanyoosha kidole.

Bibi Tokue alipiga magoti akatazama, akasonya. "Uliuvuta."

"Niliuvuta."

"Hariri ya umri huu ni kama mimi. Ukiibembeleza inakwenda, ukiivuta inakufia mikononi."

"Nishone upesi?"

"Ushone nini? Kila tundu la sindano litazaa ufa wake."

"Basi niseme naumwa. Nitavaa nyingine mwakani."

"Mwakani." Bibi Tokue alicheka puani. "Fumie yuko mbele ya stesheni na kiti chake tangu saa mbili. Kapaka na rangi ya mdomo. Namjua yule miaka arobaini, sijapata kumwona na rangi ya mdomo. Nenda wewe ukamwambie unaumwa. Mimi simo."

Alikwenda jikoni akarudi na wali wa asubuhi, akauponda ukawa gundi, akabandika kipande cha hariri kwa ndani ya ufa. Kisha akamvisha Chizuru polepole, akakaza mshipi mpana mweusi mpaka pumzi ikawa ya kukopa.

"Nisikilize, mwanangu. Usiinue mkono. Usikimbie. Na usiiname."

"Nisiiname? Na nikiamkiwa?"

"Tabasamu."

Mji mzima ulikuwa barabarani, na mji mzima uliinama. Aliinama muuza chai, akainama dada wa posta. Chizuru aliwajibu kwa kidevu tu, shingo imemkakamaa, uso unamwaka kwa aibu. Wanawake thelathini na kitu walipangwa wawiliwawili, kila mmoja na hariri ya bibi yake. Mwenzake alikuwa Mineko, mke wa mwenye duka la tofu, jibini ya soya.

"Makubwa," Mineko alinong'ona. "Mke wa Yasuhiro leo hata kuinama hataki. Mishale imempanda kichwani."

"Mgongo unaniuma, dada."

"Mgongo. Sisi wengine hatuna migongo."

Walipofika darajani alitokea mwalimu wake wa darasa la kwanza, mzee wa miaka tisini, akiegemea fimbo. Yeye ndiye aliyeinama kwanza, chini kabisa. Kuna watu ambao hata ukiwa na mkuki mgongoni huwezi kuwajibu kwa kidevu. Chizuru aliinama.

Akasikia. Gundi ya Bibi Tokue iliachia, na hariri ikaitika. Upepo wa Machi ukampuliza mgongoni, baridi, mahali ambapo haukupaswa kufika. Ufa ulikuwa umefika wapi? Hakuweza kuuona wala kuugusa. Kila hatua alihisi nyuzi zikikatika, moja, nyingine, na hakujua kama ni nyuzi kweli au ni woga wake tu. Akaanza kupiga hatua za kuku.

Mbele ya stesheni ndipo penye shughuli yenyewe. Hapo kila jozi husimama mbele ya viti vya wazee waliokuwa wafumaji, kisha hugeuka kuwapa mgongo, maana kazi ya mfumaji hutazamwa mgongoni. Bi Fumie alikuwa kiti cha kwanza. Rangi ya mdomo ilikuwa imepinda kidogo. Hakuitazama sura ya Chizuru, aliitazama mishale.

Mineko akageuka. Chizuru hakugeuka.

"Geuka, we," Mineko akamhimiza kwa sauti ya chini.

"Mama," Chizuru alisema. "Nimeichana."

Bi Fumie akainua macho. "Wapi?"

"Begani, kwa nyuma. Niliung'oa uzi kwa pupa. Tangu asubuhi nakuficha."

Wazee wa viti vya jirani walitazama chini, kama watu waliosikia jambo la nyumba ya wenyewe.

"Geuka," Bi Fumie alisema.

Chizuru akageuka. Nyuma yake kiti kikakwaruza lami. Kiganja kikavu, chepesi, kikatua begani, juu ya ufa, kikaufunika.

"Tembea," Bi Fumie alisema.

"Mama, nimekosa."

"Nimesikia. Tembea, unawazibia wenzako njia."

Wakaenda, yule mzee nyuma, hatua kwa hatua. Chizuru hakuthubutu kugeuza kichwa amtazame usoni. Zilibaki hatua kama mia hadi mwisho wa mtaa. Alizipiga fupifupi, akiogopa kiganja kile kisije kikaondoka.