Gia Moja ya Kwenda Mbele

Chevrolet ya Mzee Kipyego ilikaa juu ya mawe tangu Januari ya vile vita vya uchaguzi, nyuma ya nyumba yake mtaani Pioneer, na kuku waliizoea hata wakawa wanataga kwenye kiti cha nyuma. Aliinunua ujanani kwa mkulima mzungu wa Soy aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa gari pana la Kimarekani, lenye mabawa nyuma na tairi zenye mkanda mweupe, na enzi zile Mzee aliziosha tairi hizo kila Jumamosi kabla hajaosha miguu yake mwenyewe.

Kisha matokeo ya kura yakaleta moto. Vijana waliziba barabara pale kwenye kona, wakawa wanazunguka mtaani kutafuta tairi za kuchoma na watu wa kufukuza. Jirani yake Nanzala alikuwa mjane kutoka Bungoma, lakini marehemu mumewe alikuwa wa Nyandarua, na wiki ile hilo pekee lilitosha kumfanya awe mtu wa kufukuzwa. Vijana walipofika langoni, Nanzala na bintiye Sharon walikuwa chini ya kitanda cha Mzee. Mzee hakubishana na mtu. Alichukua jeki, akafungua magurudumu yote ya gari lake, hata la akiba, akawabingirishia moja moja.

"Nendeni mkachome," aliwaambia. "Humu ndani hakuna kingine chenu."

Wakayachukua, wakaenda. Asubuhi polisi waliwahamisha mama na mtoto hadi kambini kwenye uwanja wa maonyesho. Mzee hakusimulia habari hiyo. Aliyeuliza aliambiwa tairi zilienda na vita.

Mambo yalipotulia, Nanzala alirudi Pioneer. Sharon, aliyemwita Mzee “Kugo”, yaani babu, kama wajukuu wake walivyomwita, alipenda kusomea ndani ya lile gari lisiloenda popote. Siku moja alimwambia, "Kugo, hii ndiyo itanipeleka kanisani nikiolewa."

"Sawa," Mzee akasema. Na "sawa" ya Mzee haikuwa ya kumnyamazisha mtoto.

Kwa hiyo Sharon alipochumbiwa, miaka mingi baadaye, Mzee alimwita Mabonga, fundi mwenye mdomo mwepesi na mikono mizito. Mabonga alifungua boneti, akaondoa kiota, akajaribu kuzungusha injini kwa spana kubwa. Haikutikisika.

"Mzee, hii imeshika. Imenyamaza kama mkwe mpya."

"Basi iamshe."

"Hii haiamki, tuizike tu. Kuna Hilux ilipinduka njia ya Iten. Bodi imekufa lakini injini ni nzima, dizeli. Nikupatie injini, gia boksi, mhimili wa nyuma na magurudumu yake. Itapanda Kaptagat ikiimba."

Mzee alisimama mbele ya ile injini ya zamani muda mrefu. Bintiye Jepkemboi, aliyekuwa akianika nguo, alimwonea huruma. "Baba, si ni wewe ulisema itembee? Chuma ni chuma." Mzee akaitikia kwa kichwa, ila akaweka sharti moja, kwamba tairi ziwe na mkanda mweupe. Mabonga alizipaka rangi ya nyumba kwa brashi, akitoa ulimi nje kama mtoto wa nasari.

Kazi ilienda vizuri, isipokuwa sehemu moja. Kwenye pikapu, springi hulala juu ya mhimili wa nyuma. Kwenye Chevrolet hulala chini yake. Fundi mwingine angekata vikalio vinavyoshikilia springi na kuvichomelea upya upande wa pili. Mabonga aliutazama mhimili, akautazama tena, akaugeuza juu chini. Vikalio vikakaa mahali pake kama vilivyopimwa. Alijisifu mpaka jioni.

Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, gari lilishushwa kutoka kwenye mawe. Mzee alikaa kwenye usukani akiwa amevaa kofia yake ya kanisani. Injini iliwaka mara moja, na Nanzala akapiga kigelegele kutoka upande wake wa ua. Mzee akaingiza gia ya kwanza, akaachia klachi. Gari likaruka kinyumenyume, likazoa kamba na shuka zote za Jepkemboi.

"Weka gia ya kwanza, Mzee!" Mabonga akapiga kelele.

"Nimeweka!"

"Hiyo ni rivasi!"

"Mimi nilikuwa naendesha hujazaliwa!"

Akajaribu ya pili. Gari likarudi nyuma kwa kasi zaidi, kuku wakapanda paa. Akaingiza rivasi, na gari likaenda mbele taratibu, likilia. Mabonga alijitupa chini ya gari akaufuata mhimili kwa kidole. Alipotoka hakuwa na utani.

"Ni mimi, Mzee. Nilipogeuza mhimili, magurudumu nayo yakawa yanazunguka kinyume. Lazima niutoe, nikate, nichomelee. Nipe hadi Jumatatu."

"Harusi ni kesho, Mabonga."

"Na stima imepotea tangu asubuhi. Hata nikitaka, nachomelea na nini?"

Jepkemboi alianza kuchambua shuka zake kwenye bampa. "Baba, tuazime gari la jirani yetu Gideon. Sharon hatakasirika, anakupenda."

Mzee alijua hatakasirika. Hilo ndilo lililomuuma. Aliuliza, "Hiyo gia yake moja ya kwenda mbele, itafika kanisani?"

Mabonga alikuna kichwa. "Ukienda polepole kama maandamano, itafika."

"Na kurudi?"

"Kurudi nyuma una gia tano, Mzee."

Jepkemboi ndiye aliyeanza kucheka. Halafu Nanzala, halafu Mabonga mwenyewe, akijifuta macho kwa kiganja chenye grisi.

Asubuhi ya harusi, Chevrolet ilitoka Pioneer ikilia kama kinu cha posho. Nyuma yake msafara wa magari ulijipanga ukipiga honi, na kwa kuwa msafara wa harusi haukimbii, hakuna aliyeona ajabu isipokuwa mwendesha boda boda mmoja aliyewapita akiuliza kama wanasaga mahindi humo ndani. Nanzala alikaa mbele. Sharon alikuwa nyuma, gauni limejaza kiti chote cha kuku.

Walipofika kwenye kona, Nanzala aliweka mkono juu ya dashibodi.

"Ni hapa walizichomea," alisema.

"Ndiyo," Mzee akajibu.

"Nini, Mama?" Sharon akauliza.

"Tairi za Kugo. Hazikuibwa. Alizifungua yeye mwenyewe akawapa, ili wasiingie ndani. Sisi tulikuwa chini ya kitanda chake. Wewe nilikuziba masikio."

Gari liliendelea kulia. Mzee alitazama barabara mbele, mikono yote miwili kwenye usukani. Kwenye kioo alimwona Sharon ameinamisha kichwa, kisha akakiinua tena, akijipepea macho kwa vidole ili poda isiharibike.

"Kugo," akasema mwishowe, "nilikuwa nataka kukuambia uongeze mwendo. Usiongeze. Nenda polepole hivi hivi."

"Hata ningetaka, mama," Mzee akasema, "gia iliyopo ni hii tu."