Muuza Viatu Asife

Chumba cha kukunjia ndicho chumba pekee kwa dobi wetu ambacho hakina mashine ya kelele, kwa hiyo hadithi husimuliwa humo. Mashuka ya nyumba za wageni hufuliwa upande wa pili wa ukuta, kisha huja kwetu yakiwa na joto kama mkate. Mama Pasi hupiga pasi foronya. Mimi na mwenzangu tunayemwita Mrefu tunakunja mashuka. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mnashika ncha kila mtu upande wake, mnavuta, mnakung'uta, kisha mnatembea mpaka mikono inakutana, mmoja anaachia, mnarudi nyuma na kuanza tena.

Mimi nina mdomo mzito. Nikisalimiwa naitikia nikitazama viatu vya mtu. Lakini shuka likitanda mbele ya uso wangu hakuna anayeniona, na hadithi hutoka yenyewe. Siku nikinyamaza, Mama Pasi hugonga meza. "Vipi, redio imeharibika?"

Wiki ile hadithi ilikuwa ya msichana mshonaji na wanaume wawili. Wa kwanza, fundi wa saa mwenye sauti ya chini, ndiye niliyetaka amuoe. Wa pili alikuwa muuza viatu. Huyu nilimuumba haraka haraka, awepo tu na kuziba njia. Nikamfanya mchoyo.

"Mchoyo vipi?" aliuliza Mama Pasi. "Jana ulisema alimpa mshonaji viatu bure."

"Alivitoa shingo upande."

"Hukusema hivyo. Ulisema alipiga magoti akamfunga kamba."

Mrefu akacheka. "Mimi namtaka huyohuyo! Fundi wa saa kazi yake kutazama dirishani. Atamlisha nani?"

Nikajaribu kumfanya mlevi, wakakataa. Nikamfanya mkali, wakasema mtu habadiliki tabia kama hali ya hewa. Kila nilipompaka matope, yalidondoka. Sababu niliijua ila sikuisema. Kila nilipomtafutia muuza viatu sura, ilikuja sura ya Dereva.

Dereva ndiye anayeleta mizigo ya mashuka machafu na kurudisha safi; hupitia mlango wetu, na hadithi huidaka vipandevipande. Hata akiwa amejaza mikono hugonga mlango kwa kiwiko na kupiga hodi, na mlango wenyewe uko wazi. Alikuwa amekwenda kwa shangazi yangu, ninayeishi naye, kuniposa. Shangazi alimpenda palepale.

"Jumapili anakuja na kaka yake kuchukua jibu," aliniambia. "Una neno, sema. Ukinyamaza nitajua umekubali. Kimya cha msichana ni ndiyo."

Neno nilikuwa nalo. Sikumtaka. Lakini hakuwa na kosa, na hilo ndilo lililonifunga mdomo. Angekuwa na kosa, ningelitaja hilo.

Alhamisi nikachoka, nikamuua muuza viatu. Alikuwa anavuka barabara na boksi la viatu kifuani, lori likakatika breki. Mshonaji akawa huru.

Mrefu aliachia ncha, shuka likaanguka sakafuni. "Umemuua!" Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

Mama Pasi hakulia. Alisimamisha pasi yake wima. "Alikosa nini?"

"Hakukosa. Ni ajali."

"Ajali gani! Mshonaji hamtaki, na wewe ukaogopa kumpeleka akamwambie. Ukaona heri lori liseme."

Nikalivuta shuka mpaka usoni.

"Hodi! Kuna msiba gani humu?" Dereva alikuwa mlangoni na mzigo begani.

"Muuza viatu amefariki," alisema Mrefu. "Kagongwa na lori."

"Lo! Sisi madereva hatukosi kusingiziwa." Akatua mzigo. "Na yule mshonaji, alikuwa ameshampa jibu?"

"Wapi! Hata neno moja."

"Basi maskini kafa akingoja." Alilisema kama mzaha, lakini yeye mwenyewe hakucheka.

Ijumaa, tuliposhika shuka la kwanza, nikasema, "Hakufa. Alizimia tu."

"Nini?" Mrefu alipaza sauti. "Mimi jana chakula kimenishinda kwa ajili yake!"

"Pole. Mazishini nilikuwa sijafika."

"Mwache," alisema Mama Pasi. "Aliyezimia huamka. Endelea, mwanangu."

Nikampeleka mshonaji dukani kwa muuza viatu, nikamsimamisha mlangoni. Hapo nikakwama. Nikamwambia aseme hastahili mwanamume mzuri kama yule.

"Uongo," alisema Mama Pasi.

"Basi amwambie anamwona kama kaka yake."

"Mungu wangu!" alisema Mrefu. "Afadhali lile lori."

Wakacheka, lakini mimi nilikuwa nimeona kitu. Mshonaji mwenyewe sikumjua. Nilimpa macho mazuri na mkono mwepesi wa kushona, na tangu mwanzo wanaume walisema wee, yeye yuko kwenye cherehani. Nilidhani hadithi ni ya nani atamuoa nani. Kumbe nilikuwa na mtu ambaye hajawahi kufungua mdomo. Nikamwacha palepale mlangoni.

Jumamosi Mrefu hakuja, jino lilikuwa linamsumbua. Mashuka yakarundikana. Dereva alipoleta mzigo, Mama Pasi akamwambia, "Baba, hebu mshikie mwenzio ncha." Kisha akatupa kisogo.

Dereva hakujua kukunja. Alilipinda shuka, nikamwonyesha kwa mkono. Mikono ikakutana mara ya kwanza, nikarudi nyuma bila neno. Mara ya pili vilevile. Lakini shuka likikunjwa hupungua, na mara ya tatu sikuwa na pa kujificha. Nilikiona kifungo kilichokatika kwenye kola yake.

"Kesho usije," nikasema.

"Kwa shangazi?"

"Ndiyo. Sitaki kuolewa na wewe. Huna kosa. Nimelitafuta, sikuliona."

Hakuachia ncha. Chumbani kukaanza kunuka.

"Mama," alisema Dereva taratibu, "foronya inaungua."

Mama Pasi aliinyanyua pasi kama aliyeamshwa.

"Nilikuwa naona hunitazami," Dereva aliniambia. "Nikajua wewe hutazami mtu yeyote."

"Ni kweli, sitazami."

"Lakini leo umenitazama." Akaniwekea ncha mikononi. "Afadhali umesema mwenyewe. Kaka yangu ameshanunua shati." Akajaribu kucheka, kicheko hakikuja.

Akatoka bila kuchukua mashuka safi aliyoyajia. Ikambidi arudi. Akagonga mlango kwa kiwiko, akapiga hodi kama siku zote, akabeba, akaenda.

Shangazi nilimwambia jioni. "Na mdomo umeutoa wapi?" aliuliza, akanuna mpaka kesho yake. Jumapili haikupigwa hodi.

Jumatatu Mrefu alifika na shavu limevimba. "Haya, mshonaji kasemaje pale mlangoni?"

Nikamwambia alivyosema.

"Na muuza viatu?"

"Alitoka akaenda zake barabarani. Akasahau kuwa duka ni lake, ikabidi arudi."

Mama Pasi aliangua kicheko, halafu akaacha ghafla, akanitazama.

"Maskini," alisema Mrefu. "Sasa fundi wa saa amuoe basi."

"Yule bado simjui," nikasema. "Shika ncha."