Msalaba Unaopita Kwenye Vitunguu Saumu

Kila Januari, siku ya kubariki maji, watu wa kijiji cha Gura Rachitei humkanyagia Onisim vitunguu saumu vyake. Hutoka kanisani, padri mbele na bendera nyuma, na badala ya kushuka moja kwa moja mtoni, huzunguka nyuma ya shule, hukata shamba lake, husimama katikati ya mimea na kuimba. Kisha ndipo huenda hadi mto Danubi, mwendo mrefu tu, padri akatupa msalaba wa mbao na vijana wakaurukia kwenye maji ya barafu.

Onisim alikuja hapa kuoa, akitokea milimani. Miaka yote alinyamaza, maana mkwe hagombani na padri wa ukweni. Lakini mwaka huu binti yake Ruxandra alikuwa anaolewa, na alishasema bila kuzunguka: pasipo nyumba, yeye na Nelu wake wanakwenda Italia kuchuma nyanya. Nyumba ingejengwa palepale penye vitunguu saumu, uwanja tambarare. Ardhi nyingine aliyokuwa nayo Onisim ilikuwa kule juu, nyuma ya nyumba, nayo ilijaa miplamu, miti ya matunda ya marehemu baba mkwe. Miplamu ile ndiyo iliyompa pombe ya mwaka mzima. Kuikata? Afadhali akatwe mguu.

"Kwa nini lazima mpite hapa?" alimuuliza jirani yake, Bibi Lixandra.

"Pamezikwa mtakatifu."

"Mtakatifu gani?"

"Ningemjua jina ningekuwa padri. Nyie watu wa milimani mnauliza kuliko kondoo wenu!"

Mitu mvuvi alisema ni dhahabu ya Waturuki iliyofukiwa hapo. Padri mwenyewe alikuna ndevu. "Aliyenitangulia alipita hapo. Naye alimfuata aliyemtangulia. Kawaulize makaburini, Onisim, mimi nina baridi."

Barafu ya ardhini ilipoyeyuka, Onisim na Nelu walianza kuchimba msingi. Juu palikuwa na udongo mweusi. Walipofika kiunoni ukaja mchanga safi, kisha makombe ya kome. Halafu sururu ya Nelu ikagonga nguzo ya mwaloni, nene kama pipa, yenye pete ya chuma.

"Dhahabu hiyo, baba?"

"Pete ya kufungia mashua, bwege wewe. Mashua ilifuata nini kwenye vitunguu?"

Swali hilo lilimkosesha hamu ya kula. Aliacha ugali na samaki mezani akaenda kuifuata njia ya msalaba, peke yake, tangu kanisani. Alichokiona kilikuwa mbele ya macho yake siku zote. Nyumba zote za zamani zilikuwa upande mmoja wa njia ile, zimeipa barabara ya sasa kisogo na milango yake inatazama mashamba matupu ng'ambo ya njia. Hata nyumba yake. Alikuwa akidhani babu wa ukweni aliijenga akiwa amelewa.

Nani hujenga mlango kutazama utupu? Walitazama maji. Mto ulikuwa hapa, watu wakausindikiza msalaba hadi ukingoni. Mto ukahama, miguu ikabaki na mazoea.

Alirudi akamkuta Ruxandra shimoni, anapima vyumba kwa kamba.

"Toka humo. Hapo ni mkondo wa kale wa mto."

"Baba, kama ulikuwepo, ulihama kabla babu hajazaliwa! Na serikali imejenga tuta."

"Tuta linazuia maji ya juu. Ya chini nani anayazuia? Weka mkono."

Ruxandra aligusa mchanga. Mkono ukatoka unachuruzika. Alimtazama baba yake. "Basi ndiyo Italia."

Onisim aliingia stoo, akatoka na shoka, akapanda kule juu kwenye miplamu. Mkewe Filofteia alisimama mlangoni akilia kwa ajili ya miti ya baba yake, lakini hakumzuia. Bibi Lixandra alipiga kelele kutoka uani kwake: "Sasa utakunywa nini, mkwe? Maji?"

Nyumba ilisimama kule juu kabla ya harusi. Shimo la chini hawakulifukia. Masika lilijaa maji lenyewe, tuta likiwa kavu kule mbele, na halikukauka tena.

Januari ilipofika, msafara ukapita kama kawaida. Padri akasimama mahali pake, akaimba, akatazama shimo lililojaa, kisha akatazama ile njia ndefu ya kwenda Danubi, upepo ukimchapa joho.

"Hapa au kule?" akamuuliza Onisim.

"Mimi mtu wa milimani, Baba Padri. Nitajuaje?"

Padri akautupa msalaba shimoni. Vijana wakabaki wameduwaa. Nelu alikuwa ameshavua shati.