Jina la Kuhadaa Kifo

Saa saba mchana upepo ulipogeuka, Gyaljen, kiongozi wa msafara wa wapanda mlima, alishika redio ya mkononi akasema maneno manne tu: "Phurba, geuka. Shuka sasa."

Redio ikakwaruza, kisha sauti iliyokatwakatwa na upepo ikajibu, "Sawa, nashuka."

Akapumua. Phurba alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, na tangu alfajiri alikuwa akimpandisha kileleni Bwana Lindner, daktari wa meno kutoka Austria, mtu mwema lakini mbishi kupindukia. Oksijeni yao ingeisha saa tisa. Wakigeuka sasa wangewahi mitungi miwili ya akiba kwenye Jiwe Jeusi, nusu ya njia, ambako kulikuwa na mtu wa kuilinda. Basi Gyaljen akawasha jiko ndani ya hema la kambi ya mwisho, akaanza kuyeyusha theluji ya chai. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na mkewe alikuwa amemwapisha mbele ya lama, mtawa wa dini yao, kwamba hatapanda tena kupita hapo.

Saa nane na nusu zipu ya hema ikafunguliwa. Aliyeingiza kichwa, ndevu zimeganda barafu, alikuwa Phurba wa kijiji cha Thame, yule mlinzi wa Jiwe Jeusi, na mgongoni kabeba mitungi miwili.

"Mzee, chai ipo? Huko nje pua inataka kuhama uso."

"Wewe unafanya nini hapa?"

"Si umeniita? 'Phurba, shuka sasa.' Nikajibu sawa. Nikaona nisiache mali ya watu ichukuliwe na upepo."

Gyaljen akazima jiko. Kwao mtoto akizaliwa Alhamisi ni Phurba, basi, na hakuna kijiji kisicho na Phurba kumi. Haijawahi kuwa taabu, maana ukimwita mtu unamtazama. Redioni hakuna wa kumtazama.

"Mdogo wangu umemwona?"

"Kulikuwa na wingu, mzee, hata miguu yangu sikuiona." Ndipo akaelewa, na utani wote ukamtoka. "Mama yangu! Wakifika Jiweni..."

"Watakuta jiwe. Geuka, twende."

"Na kiapo chako?"

"Nitagombana na mke wangu nikirudi."

Walipanda wakishika kamba, upepo ukiwasukuma kutoka kushoto. Gyaljen alijilaani kila hatua, kwa sababu jina lisilo na pacha lilikuwepo, na yeye ndiye aliyeliacha. Kabla ya Phurba, mama yao alikuwa amezika watoto wawili. Huyu alipozaliwa akamwita Kikuli, kitoto cha mbwa, ili kifo kikipita mlangoni kisione cha kutamani. Mtoto akaishi, akakua, akalichukia jina hilo hata akamng'oa jino mtu aliyemwita hivyo harusini. Gyaljen akamwahidi kwamba halitatoka kinywani mwake mbele za watu. Na leo, kambi zote zikisikiliza redio, alikuwa ametimiza ahadi. Heshima gani hiyo!

Saa kumi wakafika Jiwe Jeusi. Hapakuwa na mtu. Theluji pale ilipokuwa mitungi ilikuwa imechimbuliwa kwa mikono, na nyayo za watu wawili ziliondoka kando, mbali na kamba, zikaishia ndani ya wingu.

"Phurba!" Gyaljen alipaza sauti.

"Nipo hapa," akajibu wa Thame nyuma yake.

"Si wewe!"

Akaita tena, na tena. Kimya. Kuacha kamba bila kujua pa kwenda kulikuwa kujiua, na nyayo zilianza kufutika mbele ya macho yake. Akashika redio, labda ya mdogo wake bado ilikuwa hai, akabonyeza kitufe na kupiga kelele kwa koo lote.

"Kikuli! Kikuli wee! We mbwa mdogo, uko wapi?"

Redio haikujibu. Lakini kutoka kushoto, karibu mno, sauti ya kilevi, ya mtu aliyeishiwa hewa, ikafoka, "Nani kaniita mbwa?"

Waliwakuta nyuma ya mwamba, hatua ishirini tu. Lindner alilala chali mapajani mwa Phurba, amevalishwa barakoa zote mbili. Mitungi yao ilikuwa mitupu, lakini Lindner alikuwa akipumua. Wa Thame akaunganisha mtungi kwa mteja. Gyaljen akachukua barakoa moja, akaiunganisha na mtungi wa pili na kuifunga usoni pa mdogo wake, huku analia waziwazi.

"Nimeita mpaka koo limekauka. Hukusikia?"

"Nilisikia," Phurba alisema, midomo ikiwa ya buluu. "Nilidhani unamwita wa Thame."

Redio ikakwaruza. Ilikuwa kambi ya chini, na nyuma ya msemaji watu walikuwa wakicheka. "Kiongozi, huyo Kikuli ni nani?"

Phurba akanyoosha mikono iliyokufa ganzi, akaichukua redio kwa viganja viwili.

"Ni mimi," akasema. "Andikeni hivyohivyo kwenye orodha ya redio."