Mwiba Ulioikimbia Eksirei

Naishorua alikuwa hana hamu tena na hospitali. Mwanawe Lomayani alikanyaga mwiba wa mgunga kule mbugani Mkata, kisigino kikavimba kama kiazi. Mara mbili madaktari wa kwanza walimpasua wakitafuta kwa kubahatisha, wakatoka mikono mitupu. Eksirei nayo ikasema hakuna kitu. Hakuna kitu, na kijana halali kwa maumivu! Sasa usaha ulikuwa unaunyemelea mfupa, na katika hospitali ya Mikumi, walikomhamishia, walimwambia mama bila kumficha: ukiingia humo, mguu unakatwa. Mchunga ng'ombe wa mguu mmoja? Atachunga nini, vifaranga?

Lakini hospitali hiyo, moja ya zile za binafsi zilizochipuka serikali ilipoziruhusu, ilikuwa na Daktari Imelda, binti wa Kisukuma, rika la kitinda mimba wa Naishorua.

"Mama, mwiba ni mti, na eksirei haioni mti," akasema Imelda. "Ultrasaundi inauona. Nitapasua huku natazama."

Akasukuma mashine ndani. Lomayani akaitambua, akashuka kitandani kwa mguu mmoja.

"Yeyo, twende nyumbani," akamwambia mama yake. "Hii ni ya wajawazito! Rika langu wakisikia nitauficha wapi uso?"

Naishorua akapandwa na hasira. "Wee! Tumboni mwangu ulikaa miezi tisa hukuona aibu, leo ndiyo unaniletea uanaume? Lala!"

Akalala. Mama akavikwa joho la kijani, akamshika mwanawe mkono. Ganzi ikachomwa, ute baridi ukapakwa.

Jamani, kuna watu wamejaliwa mikono! Wa kushoto uliongoza kifaa juu ya ngozi, wa kulia ulishika koleo, macho yametulia kwenye kioo. Humo katika ukungu mlionekana kamstari keupe, kamejilaza ubavuni mwa mfupa. Imelda hakuchimba wala kupapasa. Alitoboa tundu dogo tu, ncha ya koleo ikaonekana ikikasogelea, taratibu, ikakabana.

"Huu hapa."

Mwiba mweusi, mrefu, umelowa damu.

"Usaha haujaugusa mfupa," akasema Imelda. "Chezesha vidole."

Vikacheza vyote.

"Mguu ni wako, kaka."

Naishorua akalia waziwazi, hakujali nani anamwona. Kisha mama huyo, ambaye hata mwenyekiti wa kijiji humwamkia, akainamisha kichwa mbele ya binti yule.

"Shikamoo, daktari."

Imelda akaweka koleo chini upesi, akampigia goti yeye.